Siku 6 na noti ya paundi 10: kuwafuata wanawake waliosoma kwa kujificha

Nianze na noti. Juzi kabla sijaondoka Coventry nilitoa hela kwenye mashine, ikatoka noti ya paundi 10 mpya kabisa, ile yenye sura ya mwandishi Jane Austen iliyoanza kutumika 2017. Chini ya sura wameandika maneno, kwa Kiswahili chetu ni kama "natamka wazi, hakuna raha inayoshinda kusoma". Maneno matamu, ila aliyesoma riwaya yake ya Pride and Prejudice anajua aliyeyasema ni Caroline Bingley, na siku ile Caroline wala alikuwa hasomi, alishika kitabu kwa sababu tu ni juzuu ya pili ya kile alichokuwa anasoma Darcy, bwana aliyekuwa anamtaka, akawa anachungulia ukurasa wa mwenzie, akapiga miayo, akakitupa pembeni. Yaani alishika kitabu ili aonekane mke anayefaa. Nikasema hii noti siitumii, nasafiri nayo.

Mimi nahudumia wazee, shifti ya usiku, miaka 6 sasa. Kuna bibi mmoja ana miaka 93, usingizi hapati na macho yamechoka, basi kazi zikipungua namsomea. Mwaka jana akaniomba Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë. Moyo ukanipiga, maana hicho kitabu kina historia na mimi. Nikiwa kidato cha 2 kule Korogwe mwalimu wa Kiingereza aliniazima toleo lake lililofupishwa, nikawa nasoma stoo nyuma ya magunia ya mahindi kwa kibatari, kwa sababu kwetu msichana kukutwa na kitabu wakati vyombo havijaoshwa ilikuwa kesi. Shangazi akanikuta. Hakunichapa, alikichukua akakichana karatasi moja moja akafungia karanga za kuuza stendi. Nilikuwa nimefika pale Jane anatoroka alfajiri na kibahasha chake, na nikakaa miaka 19 bila kujua kama huyo mtoto wa watu aliishi au alikufa njiani.

Nilipommalizia bibi kile kitabu, saa 9 usiku, nililia. Na yeye akaniambia la kwake: alifaulu mtihani wa kwenda sekondari, nyumbani wakasema hela ya yunifomu ipo ya mtoto mmoja, akaenda kaka yake, yeye akiwa na miaka 14 akaingia kiwandani. Miaka karibu 80 imepita na bado alivyokuwa ananisimulia sauti ilikuwa inakatika. Ndo maana likizo yangu ya mwezi wa 4 nimeamua nizunguke makwao hawa waandishi, nione walipokuwa wanakaa na vitabu vyao.

Siku ya 1. Chawton

Nimetoka saa 12 asubuhi, treni mpaka London, nikavuka mji kwenda Waterloo, treni nyingine mpaka Alton, halafu kwa miguu kama nusu saa hivi na begi mgongoni. Kijiji kimetulia, nyumba za matofali mekundu, na nyumba ya Austen iko pale barabarani kabisa, mtu akipita nje unamwona.

Jane alihamia hapa 1809 na mama yake, dada yake Cassandra na rafiki yao Martha Lloyd. Wanawake 4, hakuna hata mmoja mwenye nyumba. Hii ilikuwa ya kaka yao Edward, ambaye alichukuliwa na ndugu matajiri wasio na mtoto akarithi mashamba na jumba kubwa la hapo juu. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anamiliki kijiji, mwingine anapewa pa kukaa kwa hisani. Ukishajua hilo, zile riwaya zote za mashamba kurithiwa na wanaume unazisoma tofauti kabisa.

Sasa ile meza. Jamani. Nilitegemea meza, kumbe ni kitu kama sinia la chai lililowekewa mguu, pembe 12, mbao ya mti wa walnut imechakaa, hata ukiweka sahani 2 na kikombe imejaa. Ipo karibu na dirisha. Nilisimama hapo mpaka mhudumu akaniuliza kama niko sawa. Mtoto wa kaka yake aliandika baadaye, 1870, kwamba shangazi yake alikuwa anaandika kwenye vipande vidogo vya karatasi ili mgeni akitokea avifiche haraka, na kwamba kulikuwa na mlango unaolia ukifunguliwa, Jane akakataa usitengenezwe kwa sababu ule mlio ulikuwa unamwambia kuna mtu anakuja. Mimi nilikuwa na ubao wa sakafu uliolegea pale karibu na mlango wa stoo. Nilijua mguu wa nani unaukanyagaje.

Sense and Sensibility ilipotoka 1811 pale penye jina la mwandishi waliandika tu "na mwanamke mmoja wa heshima". Pride and Prejudice aliuza haki zake zote kwa paundi 110.

Na humo ndani ya Pride and Prejudice kuna ile sehemu ya Mr Collins ambayo zamani nilikuwa naipita nacheka tu. Jioni baada ya chai Mr Bennet, baba mwenye nyumba, anamwomba awasomee wasichana, analetewa kitabu, anakiona kimetoka maktaba ya kukodisha, anarudi nyuma kama kaona nyoka, anaapa yeye hasomi riwaya. Anachagua mahubiri ya Fordyce. Hayajafika hata kurasa 3 Lydia anamkatisha na umbea wa wanajeshi. Sasa Fordyce ni mtu wa kweli, mchungaji, mahubiri yake kwa wasichana yalichapwa 1766, na kuna riwaya fulani fulani aliandika kwamba msichana anayeweza kuzivumilia kuzisoma, moyoni mwake ni kahaba, hata kama mtaani anaheshimika vipi. Kahaba, kwa kusoma! Kwa hiyo Austen alipomwacha Lydia akatize mahubiri alijua anamkatiza nani. Na tusisahau kwao walikuwa wanaita vitu kwa majina yake, kwenye barua ya 1798 anasema familia yetu ni wasomaji wakubwa wa riwaya na hatuoni aibu.

Jioni nikapanda mpaka lile jumba la Edward. Tangu 2003 ni maktaba ya vitabu vya wanawake wa zamani wa Uingereza, wale walioandika kabla ya Jane na wakati wake ambao wengi wamesahaulika. Nyumba ya mrithi wa kiume imejaa wanawake rafuni, nikafurahi sana.

Kitu kimoja cha kwangu kabla sijalala. Mansfield Park (1814) aliiandika hapa. Fanny Price, ndugu maskini anayelelewa kwa mama yake mkubwa na mumewe tajiri, anarudishwa kwao Portsmouth na baba mkubwa yule anampa paundi 10 mkononi. Anazifanyia nini? Anajiunga na maktaba ya kukodisha. Austen anasema Fanny alijishangaa, yeye, kuwa mtu anayekodi, mtu anayechagua vitabu! Anamchagulia na mdogo wake Susan. Hamna maelezo ya uhuru yaliyonigusa kama hapo, binti wa miaka 18 mbele ya kaunta anasema nipe hiki. Ila ni huyohuyo Fanny aliyemuuliza baba mkubwa habari za biashara ya watumwa, mwenye mali huko Antigua, na chumba kizima kikanyamaza kimya. Sisi tuliokulia upande wa pwani ile kimya tunaijua. Vitabu vya Fanny, moto wa chumbani, hata zile paundi 10, zinatoka wapi? Kitabu hakisemi, ila swali kimeliweka.

Siku ya 2. Winchester

Basi kutoka Alton, mvua nyepesi. Hii siku fupi.

Jane alikuja hapa kutibiwa akafa tarehe 18 Julai 1817, ana miaka 41, nyumba bado ipo mtaa wa College Street. Amezikwa ndani ya kanisa kuu, jiwe jeusi sakafuni upande wa kaskazini. Nimelisoma mara 3. Wema wa moyo wake lipo, upole wa tabia lipo, vipaji vya akili vipo, matumaini kwa Mungu yapo. Riwaya? Hakuna neno hata moja. Ilibidi ifike 1872 ndo wakaweka bamba la shaba ukutani linalosema alijulikana kwa maandishi yake. Mtu aliyemjia leo na maua alikuwa ameyaweka juu ya neno "akili".

Lililonikaa ni la Cassandra. Wanawake hawakwenda mazikoni kwa desturi yao, basi alisimama dirishani akaangalia watu wachache wakibeba mwili wa mdogo wake mpaka walipokata kona, halafu akakaa akaandika barua. Nilisimama pale mtaani nikaangalia umbali kutoka dirishani mpaka kwenye kona. Ni mfupi mno.

Siku ya 3. Bath

Treni na kubadilisha njiani, na ya pili ilichelewa dakika 50, nikakaa stesheni nasoma Northanger Abbey, ambayo nusu yake ni hapahapa Bath, kwa hiyo nilikuwa nimeshafika kabla sijafika.

Hii riwaya ina mkasa. Jane aliiuza 1803 kwa mchapishaji wa London, kwa bei ya, mnaikumbuka noti yangu, paundi 10. Jamaa akailipia akaiweka kabatini, hakuichapa. 1816 familia ikairudisha kwa paundi 10 zilezile, ikatoka mwishoni mwa 1817 mwenyewe yuko kaburini. Na ilikuwa inaitwa Susan.

Nimetembea Milsom Street, ambako wakati ule ndo kulikuwa na maduka na maktaba za kukodisha. Sasa hivi ni nguo na simu. Nikajaribu kuwaza Catherine Morland, shujaa wa hii riwaya, na rafiki yake Isabella wameshikana mikono, mvua ikinyesha wanajifungia ndani wanasoma riwaya pamoja, na hapo ndo mwandishi anasimama katikati ya hadithi yake na kugomba: kwamba anachoshwa na waandishi wa riwaya ambao wanawafanya mashujaa wao wa kike wazionee aibu riwaya, kwamba msichana akiulizwa unasoma nini anasema "aah, ni riwaya tu" huku anakiweka kitabu chini kwa aibu. Lile "tu" nalifahamu. Nimelisema mwenyewe mara nyingi.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi watu hawaitaji sana. Wakiwa matembezini Catherine anaona aibu kumwambia Henry Tilney kwamba anapenda The Mysteries of Udolpho, ile ya Ann Radcliffe ya 1794, anadhani wanaume wanasoma vitu vya maana zaidi. Henry anamwambia mtu asiyefurahia riwaya nzuri, awe bwana awe bibi, huyo ni mjinga wa kupindukia, na yeye Udolpho aliimaliza siku 2 nywele zimemsimama. Safi. Ndipo dada yake Eleanor anaongezea: enhe, na uliniahidi utanisomea kwa sauti, nikaitwa dakika 5 tu kujibu barua, ukakimbia na kitabu bustanini, ikabidi nisubiri mpaka umalize. Na Henry mwenyewe anakiri kitabu kilikuwa cha dada, mali yake mwenyewe! Huyu ndo mwanaume mzuri wa hadithi, mpole, mcheshi, anapenda riwaya, na bado kitabu cha dada yake kakimbia nacho na dada ndo anayeitwa kujibu barua. Miaka 200 iliyopita Austen aliliona hilo na akaliacha lipite kwa sentensi moja katikati ya utani. Mie nilifunga kitabu nikakaa kimya nikimfikiria kaka wa yule bibi yangu.

Jioni nikaenda kutafuta ilipokuwa hoteli ya White Hart, mkabala na Pump Room. Ilishabomolewa zamani. Ndo kwenye Persuasion, riwaya nyingine ya Austen, Anne Elliot na Kapteni Harville wanabishana dirishani nani anapenda kwa muda mrefu, mwanamke au mwanaume, na Wentworth, mwanaume Anne anayempenda, yuko mezani anaandika barua, kalamu inamdondoka. Harville anasema vitabu vyote vinasema wanawake ni vigeugeu, halafu anajistukia mwenyewe, ila utasema vimeandikwa na wanaume. Na Anne anajibu, huenda nitasema hivyo, wanaume wana kila faida ya kusimulia hadithi yao, elimu ni yao kwa kiasi kikubwa kuliko sisi, kalamu imekuwa mikononi mwao, sitakubali vitabu vithibitishe lolote. Nimeisoma kwa sauti ndogo hapo barabarani nimesimama karibu na wapiga gitaa. Mama mmoja mtalii akanitabasamia.

Siku ya 4. Manchester

Safari ndefu, nimefika mchana. 84 Plymouth Grove, jumba jeupe lenye nguzo mbele, kalikodi Elizabeth Gaskell na mumewe mchungaji 1850, wakaishi na mabinti 4. Alianza kuandika riwaya baada ya mtoto wao wa kiume kufa kwa homa 1845, mume akamshauri aandike ili huzuni impungukie. Mary Barton ikatoka 1848 bila jina. Alikuwa anaandikia chumba cha kulia, watoto wanaingia, mpishi anauliza, wageni wanabisha hodi. Wanasema Charlotte Brontë alipokuja kutembea, akasikia wageni wanaingia akajificha nyuma ya pazia la sebuleni. Mwanamke aliyeandika Jane Eyre, kitabu kinachoanza na mtoto kajificha nyuma ya pazia! Nililigusa pazia kidogo, lile la maonyesho, nikaondoka haraka.

Ila kilichonifanya nije hapa ni habari ya Ruth, 1853. Riwaya ya mshona nguo yatima anayedanganywa na mwanaume tajiri akazaa nje ya ndoa, na mwandishi anakataa kumlaani. Gaskell aliandika kwenye barua kwamba wanaume 2 wamechoma juzuu ya kwanza, wa 3 kamkataza mkewe asiisome, na hao wote wanakaa karibu nao kanisani. Fikiria, Jumapili umekaa, jirani yako kwenye benchi kakichoma kitabu chako. Na kwenye barua zake anasema hata humu ndani kwake Ruth ni kitabu kilichokatazwa kwa mabinti, kwamba sio cha vijana mpaka wasome na mkubwa, atakuja kukisoma na binti yake mkubwa siku wakitulia.

Hapo nilikaa kwenye kiti cha ngazini nikawaza. Sikumkasirikia. Ni mama, ana mabinti 4 katika mji unaosema msichana akisoma kitu kichafu kachafuka. Nikamkumbuka Mwana Kupona wetu wa kule Siyu na Pate, utenzi wake ni wa 1858, mwaka mmoja tu baada ya Gaskell kutoa kitabu cha maisha ya Charlotte Brontë. Naye mama, mgonjwa, anamwita binti yake asogee na wino na karatasi amuusie, na wasia wenyewe ni namna ya kumtii mume na kulinda heshima. Watu wanaugombania ule utenzi, kuna wanaosema unamkandamiza mwanamke. Mimi naona ule wino kwanza. Mwanamke kashika shairi, na binti anaambiwa njoo na karatasi, maana yake binti anajua kuandika. Wanawake hawa wawili hawakuwahi kusikiana, mmoja Manchester kwenye moshi wa viwanda na mwingine kwenye mikoko ya Lamu, wote wana kalamu na wote wanaitumia kumwambia mtoto wa kike mipaka iko wapi kwa sababu wanajua mipaka itakavyomuumiza akiivuka. Hilo bado linanisumbua, na sijamaliza kuliwaza.

Siku ya 5. Haworth

Treni mpaka Hebden Bridge halafu basi linalopanda milima, masikio yakaziba. Haworth barabara yake ya mawe imeinama kiasi kwamba unatembea umeshika magoti. Upepo mkali. Makaburi yamebanana mbele ya nyumba ya mchungaji Patrick Brontë mpaka mlangoni.

Nimekaa humu masaa 4.

Chumba cha kulia ndo kitovu. Meza ina madoa ya wino na alama ya mshumaa ulioungua katikati. Usiku baba akishalala dada 3, Charlotte, Emily na Anne, walikuwa wanaizunguka hii meza wakisomeana walichoandika. Emily alifariki Desemba 1848, Anne Mei 1849, na Charlotte akawa anaizunguka peke yake, mtumishi anamsikia kutoka jikoni hatua za mtu mmoja. Niliambiwa hilo na mhudumu wa makumbusho kwa sauti ya chini nikashindwa kumjibu.

Jikoni sasa. Gaskell ameandika kwamba ukipita mlango wa jiko ungemkuta Emily anakanda unga wa mkate, kitabu cha Kijerumani kimeegemezwa mbele yake kimefunguliwa, anakanda na kusoma, na mkate wake ulikuwa unatoka mzuri. Niliangalia lile jiko dogo na nikamwona kabisa, mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko, anageuza ukurasa na nini? Mimi nilikuwa nageuza na kidevu. Ndo swali ambalo mtu hawezi kulifikiria kama hajawahi kusoma huku anafanya kazi za nyumbani.

Desemba 1836 Charlotte, miaka 20, mwalimu wa shule ya wasichana, alimwandikia Robert Southey, mshairi mkuu wa taifa, akamtumia mashairi. Southey akajibu Machi 1837: fasihi haiwezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke, na haipaswi kuwa, na kadiri anavyoshughulika na majukumu yake halisi ndivyo atakavyokosa nafasi ya hayo mambo. Charlotte akaandika juu ya bahasha, ushauri wa Southey, utunzwe milele. Akautunza. Miaka 10 baadaye, Oktoba 1847, Jane Eyre ikatoka kwa jina la Currer Bell, jina ambalo hujui ni la kiume au la kike, na wadogo zake wakawa Ellis na Acton. Baba mwenyewe alikuwa hajui wanachofanya, mpaka Charlotte alipoingia na kitabu kilichochapwa mkononi.

Na ukurasa wa kwanza wa Jane Eyre ni nini? Mtoto wa miaka 10, yatima, kapanda kwenye kibaraza cha dirisha, kavuta pazia jekundu, kashika kitabu cha ndege cha Bewick. Anasema alikuwa na furaha, kwa namna yake, na alichoogopa ni kukatizwa tu. Binamu John Reed anamtoa: huna haki ya kuchukua vitabu vyetu, wewe ni tegemezi, mama anasema huna hela. Halafu anamrushia kitabu chenyewe, kinampiga, anaanguka na kugonga kichwa mlangoni mpaka damu. Nilipomsomea bibi hapo kwa mara ya kwanza alinishika mkono, hakusema kitu. Kila kitu kipo mle, nani ana vitabu, nani anaruhusiwa kuvigusa, na kitabu kinavyoweza kugeuzwa jiwe la kukupigia.

Waliomsoma walijua ni hatari. Desemba 1848 Elizabeth Rigby, mwanamke mwenzake, aliandika kwenye jarida kubwa kwamba kama kweli mwandishi ni mwanamke basi ni mmoja ambaye kwa sababu fulani ameshapoteza haki ya kukaa na wanawake wenzake. Karibu yaleyale ya Fordyce, miaka 80 na ushee baadaye. Riwaya haihukumiwi kama riwaya, unahukumiwa mwili wako.

Nisiseme Jane Eyre ni malaika. Kule juu darini kuna Bertha, mke kutoka Jamaika, kafungiwa miaka, na kwenye kitabu kizima kilichojaa watu wanaosoma hakuna aliyempa Bertha hata karatasi moja. Nikiwa kidato cha 2 sikumwona. Sasa hivi kila nikisoma yale maneno mazuri ya Jane, kwamba wanawake wanahisi kama wanaume wanavyohisi na ni ufinyu wa akili kuwaambia wabaki na pudingi na kufuma soksi, namsikia Bertha anacheka juu, maana Charlotte mwenyewe kakiweka kile kicheko hapohapo, aya inayofuata.

Mchana nikapanda nyikani kuelekea Top Withens, kama saa moja na nusu kwa mwendo wangu, nikakaa nyuma ya ukuta wa mawe upepo usinipate na nikafungua Wuthering Heights. Cathy mdogo amefungiwa kwa Heathcliff. Anasema, Heathcliff yeye hasomi, basi akaingiwa na wazo la kuviharibu vitabu vyangu. Na vichache alivyokuwa navyo Hareton, kijana wa nyumba hiyo aliyelelewa bila kufundishwa kusoma, amevichukua, naye Cathy anamrukia, lakini vingi vimeandikwa ubongoni mwangu na kupigwa chapa moyoni mwangu, na hivyo huwezi kuninyang'anya!

Shangazi yangu alikuwa hajui kusoma. Hili sijawahi kuliandika popote. Alitolewa darasa la 2 kulea wadogo zake, na baba yangu ni mmoja wao. Karatasi kwake ilikuwa ya kufungia karanga kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi nyingine ya karatasi. Hareton naye alikuwa anaiba vitabu vya Cathy kwa wivu wa mtu anayetamani, na mwishoni anafundishwa, kichwa kwa kichwa, akikosea anapigwa kikofi cha mapenzi. Nilikaa pale mpaka baridi ikanitoa. Ningeweza kumfundisha. Nilimaliza chuo yeye yuko hai na hata halikunijia akilini.

Siku ya 6. Nuneaton, halafu nyumbani

Treni 3. Nuneaton ni pua na mdomo na Coventry, aibu kwamba nilikuwa sijawahi kuja kwa ajili hii. Mary Ann Evans alizaliwa hapa 1819, kwenye mashamba ya Arbury ambako baba yake alikuwa msimamizi, na ndo ikawa bahati yake, akaruhusiwa kusoma kwenye maktaba ya jumba la matajiri. Mama alipofariki 1836 akaacha shule kutunza nyumba, ana miaka 16. Baadaye yeye na baba wakahamia Foleshill. Foleshill! Napita hapo na basi kila siku naenda kazini. 1857 akaanza kujiita George Eliot.

Nyumba ya Griff alikokulia sasa ni hoteli na mgahawa. Nilikunywa chai hapo. Mjini kuna sanamu yake amekaa, nikakaa nayo. Na kwenye duka la vitu vya mtumba nikapata riwaya yake The Mill on the Floss, 1860, maandishi makubwa, paundi 2. Nikalipa kwa sarafu. Noti bado ninayo.

Nilirudi shifti usiku uleule. Bibi alikuwa macho ananisubiri. Saa 7 kazi zikapungua nikaanza kumsomea Maggie Tulliver, binti anayesoma kila anachokikuta, baba yake anajivunia mbele ya mgeni, ila kwa mkewe anahuzunika, kwamba mwanamke mwenye akili kupita kiasi ni kama kondoo mwenye mkia mrefu, bei haipandi kwa sababu ya mkia. Kwa hiyo Tom, ambaye hapendi vitabu, ndo anapelekwa kwa mwalimu kujifunza Kilatini. Maggie anakwenda kumtembelea, mwalimu anaulizwa kama wasichana nao wanaweza, anasema wanadaka haraka ila hawana kina. Na Maggie, ambaye maisha yake yote alikuwa anafurahia kuitwa mwepesi wa kuelewa, anakosa la kusema.

Bibi akasema simama hapo. Akauliza yule kaka alipenda Kilatini? Nikamwambia hapana, alikuwa analia nacho. Akasema wa kwangu pia, alitoroka shule mwaka wa pili, yunifomu ikabaki inaning'inia mlangoni, ya kijani, na mimi nilikuwa naipiga pasi.

Nikataka kuendelea, nikarudi kwa Mr Tulliver na ile lahaja yake ya mashambani, ulimi ukawa unanikwama. Akanyoosha mkono. "Nipe mimi, hayo ni maneno ya babu yangu, wewe huyawezi." Akachukua kile kioo chake cha kukuzia maandishi, akasogeza taa, akaanza kusoma polepole, neno kwa neno, na sauti ya mzee wa shamba ikatoka kamili. Nikavuta kiti. Alinisomea mpaka saa 8 na dakika 20, kengele ya chumba kingine ilipolia.